Tiba Mtandao na Bima ya Afya Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wagonjwa na ndugu zao wanaofika hospitali za Mbeya wakitokea Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa, Katavi na Ruvuma. Anayeyajibu amekaa miaka kadhaa upande wa ndani wa dirisha la bima, kwa hiyo majibu yanaegemea zaidi kile kinacholipwa na kisicholipwa kuliko sifa za mitambo. Sheria zilizotajwa ni za Tanzania. Mahali ambapo nchi nyingine imetajwa, imeelezwa hivyo.

Tiba mtandao ni nini hasa?

Ni huduma ya afya ambayo wahusika wake wako mahali tofauti, na kinachosafiri ni sauti, picha au maandishi badala ya mgonjwa mwenyewe. Ziko aina mbili, na karibu kila jibu linalofuata linategemea uko katika ipi. Katika aina ya kwanza mgonjwa amekaa kwenye benchi la zahanati, tuseme huko Ludewa, na tabibu wa zahanati hiyo ndiye anayewasiliana na daktari bingwa aliye hospitali kubwa. Katika aina ya pili mgonjwa yuko nyumbani kwake na anazungumza na daktari moja kwa moja kwa simu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu teknolojia za kidijitali katika afya, nao ulizijadili aina hizo mbili, kila moja peke yake. Zote mbili zilikubaliwa kwa masharti, na kwa aina ya pili sharti mojawapo ni kwamba mazungumzo ya simu yaongezee huduma ya ana kwa ana, yasichukue nafasi yake.

Jambo lenyewe si geni kama jina lake linavyodokeza. Wazee wanaikumbuka redio ya upepo iliyokuwa ikitumiwa na hospitali za misheni na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957. Muuguzi aliyebonyeza kitufe cha redio ile na kuomba ushauri wa daktari aliye mbali alikuwa akifanya tiba mtandao kabla neno hilo halijatungwa.

Je, kadi yangu ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) inalipia daktari niliyezungumza naye kwa simu nikiwa nyumbani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanaanzia kwenye simu badala ya kuanzia kwenye kadi. Bima hailipi mazungumzo. Bima hulipa kituo kilichosajiliwa nayo, kwa huduma iliyomo kwenye kitita chake cha mafao, kwa mwanachama aliyehakikiwa siku ile ya huduma. Unapofika dirishani na kadi yako ikahakikiwa, mfumo hutoa namba ya idhini, na kila kitakachofuata, yaani kumwona daktari, vipimo na dawa, hubebwa na namba hiyo. Mwisho unatia saini kwenye fomu ya madai, ile inayojulikana kama 2A na B, kuthibitisha kwamba huduma umeipata wewe na si mtu mwingine. Daktari aliyekupigia kutoka nyumbani kwake hana namba ya idhini wala fomu yenye saini yako, na pengine hana hata mkataba na mfuko. Fedha ulizomtumia kwa simu ni malipo yako binafsi, na hazirudishwi kwa sababu tu una kadi.

Asubuhi moja alifika mama mtu mzima kutoka Kyela, kadi yake ikiwa imefundikwa kwenye ncha ya kanga, na mkononi ameshika simu iliyofunguliwa kwenye ujumbe.

“Mwanangu,” akasema, “daktari nimeshaongea naye jana. Dawa amezitaja hizi hapa. Wewe nigongee tu muhuri nichukue.”

“Shikamoo mama. Muhuri ninao, lakini hauwezi kusimama peke yake. Lazima daktari wa hapa akuone kwanza.”

“Marahaba. Kwa hiyo yule wa jana si daktari?”

Alikuwa daktari, tena ujumbe wake ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu. Tulichofanya ni kumfungulia mama yule namba ya idhini na kumpeleka kwa daktari wa zamu, ambaye aliusoma ujumbe, akampima shinikizo la damu, akakubaliana na dawa mbili kati ya tatu na kuibadilisha ya tatu. Bima ililipa. Alichopoteza ni kile alichokuwa amemtumia daktari wa simu, na alikwenda zake akinung'unika kuhusu hilo, nami sikuwa na hoja ya kumtuliza.

Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha, uliza jambo moja: je, wewe unayenihudumia uko chini ya kituo gani, na kituo hicho kitaniombea namba ya idhini? Jibu likiwa na maneno mengi, hesabu kwamba unalipa mwenyewe.

Na zahanati ikimpigia daktari bingwa kwa niaba yangu, nani analipa?

Hapa hali ni nyepesi zaidi, kwa sababu wewe uko ndani ya kituo, umehakikiwa na faili lako limefunguliwa. Ushauri ambao tabibu anaupata kwa simu unaingia katika huduma anayokupa yeye, na hupaswi kutozwa ada ya pembeni kwa sababu tu alimwuliza mwenzake. Ninaamini hii ndiyo aina ya tiba mtandao inayofaa kupewa uzito kwanza katika nyanda zetu, ambako daktari bingwa mmoja anahudumia milima mingi. Mgonjwa anaokoa nauli, tabibu anajifunza, na mfuko wa bima hauna haja ya kubuni utaratibu mpya wa uhakiki.

Kasoro iliyopo ni kwamba bingwa aliyetoa ushauri kwa dakika ishirini hana mahali pa kudai dakika zake. Anaifanya kazi hiyo kwa moyo wake au kwa amri ya mkuu wake, na huduma inayoendeshwa kwa moyo wa mtu hukoma mtu huyo anapohamishwa. Kama kuna kifungu kimoja ambacho watunga sera wangekiongeza kwenye kitita, basi kingekuwa malipo, hata madogo, ya ushauri wa mtaalamu kwa mtaalamu.

Picha yangu ya eksirei ilipigwa wilayani lakini majibu yakasomwa mjini. Je, nitalipa mara mbili?

Hapana. Kipimo ni kimoja na kinadaiwa na kituo kilichokupiga picha. Namna kituo hicho kinavyoelewana na msomaji wa picha ni suala la vituo vyenyewe. Kusoma picha kwa mbali kunafaa sana kwa sababu mashine za eksirei za kidijitali zimefika hospitali nyingi za halmashauri, ilhali madaktari bingwa wa kusoma picha wamebaki wachache katika hospitali za kanda na taifa. Picha husafiri kwa dakika chache, wakati mgonjwa angesafiri barabara ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam.

Mimi niko CHF iliyoboreshwa. Hali yangu ikoje?

Mfumo wa CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, ulioanza kutumika nchini mwaka 2018, ulikuwa ukichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, na huduma zake huanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi. Neno “ngazi” ndilo la kuangalia. Daktari wa hospitali ya kanda akikwambia kwa simu “njoo”, wito huo hauna nguvu ya barua ya rufaa. Pitia kwanza kituo chako, upewe barua, ndipo upande.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inabadilisha nini?

Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima, inaweka kitita cha msingi, na inaanzisha mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, ambao baadhi ya vyanzo vyake ni ushuru wa vinywaji baridi vyenye kaboni, vileo na vipodozi. Kabla yake, bima ya lazima iliwagusa zaidi watumishi wa sekta rasmi, ambao huchangia NHIF asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri.

Kwa upande wa tiba mtandao, maana yake ni hii: kadiri watu wengi wanavyoingia kwenye bima, ndivyo kitita kinavyokuwa mahali pa kuamua ni huduma gani itakua na ipi itanyauka. Huduma isiyo na mstari kwenye kitita inabaki kuwa ya mradi. Sisi wa nyanda hizi tumeona miradi ya kutosha iliyokuja na kompyuta mpya, semina na fulana, kisha ikabaki kompyuta peke yake, imefunikwa kitambaa.

Kijijini kwetu mtandao hushikika juu ya kilima tu. Je, haya yote yanatuhusu?

Yanawahusu, lakini si kwa njia ya video. Anayefikiri tiba mtandao lazima iwe sura kwenye kioo hajawahi kukaa Makete msimu wa mvua, ukungu umetanda, umeme umekatika tangu jana na simu ina chaji ya mwisho. Huduma zenye manufaa kwa mazingira hayo ni zile zinazotumia sauti na simu ya kitochi. Mbili zinastahili kuandikwa ukutani.

Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa ngazi ya taifa mwaka 2022 baada ya kuanzia Kanda ya Ziwa. Ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea simu huuliza maswali ya kitabibu, huamua mgonjwa apelekwe kituo gani, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na familia. Kupiga ni bure. Ikiwa huna uhakika kwamba hali ni dharura, piga. Kazi ya kuamua ni ya aliyepokea.

Namba 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya, nacho ni bure. Hutoa taarifa na ushauri wa afya, wala hakiandiki dawa.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita na vishikwambi. Je, ni lazima nijibu maswali yao, na je, nalipia?

Hulipii. Mpango jumuishi wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa awamu. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi kabla ya kujibu, na mhudumu aliyefunzwa vizuri hataudhika. Kwa kawaida huyu hatoki mbali: ni mtoto wa jirani, anamjua kila mtu kitongojini. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo pia ndiyo sababu swali linalofuata ni zito.

Nani anaziona taarifa zangu, na sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa na sheria yenyewe, likiwamo suala la matibabu. Inadhibiti pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, jambo linaloyagusa makampuni ya programu za simu ambayo mitambo yao ya kuhifadhia taarifa iko ng'ambo. Iko Tume inayopokea malalamiko. Kuingia kwenye mfumo wa watu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na usiri wa majibu ya kipimo cha VVU unalindwa na sheria yake ya mwaka 2008.

Katika nyanda zetu kifungu cha usiri si pambo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Maelfu ya watu hawa wana faili katika vituo vilivyo umbali wa kutembea kutoka kwa shemeji zao. Ni wengi wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine ili wasionekane kwenye foleni ya nyumbani, na mfumo wa kompyuta unaomruhusu kila mtumishi kuchungulia kila faili unaifuta faida ya safari hiyo.

Hatari kubwa ninayoiona haitoki kwa wadukuzi, bali kwenye makundi ya WhatsApp. Watabibu huyatumia kuulizana, kwa nia njema kabisa na kwa sababu hawana njia nyingine ya haraka. Niliwahi kuonyeshwa, katika kituo ambacho sitakitaja, picha ya kidonda cha mgonjwa iliyotumwa kwenye kundi la watu zaidi ya mia moja, na pembeni ya picha jalada la mgonjwa lilisomeka jina hadi kijiji. Ushauri uliotolewa ulikuwa sahihi na mguu ukapona. Jina lakini limebaki kwenye simu mia moja. Mtaalamu anayetuma picha auzibe uso, aondoe jalada, na amwombe mgonjwa ruhusa kwa maneno anayoyaelewa.

Nitajuaje kwamba daktari wa mtandaoni ni daktari kweli?

Mwulize jina lake kamili na namba ya usajili wake, kisha uhakiki kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Daktari wa kweli huijua namba yake kama anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Anayekutaka ununue kwanza dawa anayoiuza mwenyewe, yenye kutibu kisukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa chupa moja, usihangaike kumhakiki.

Cheti cha dawa kilichotumwa kwa simu kinakubalika dukani?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, kwa hiyo cheti hakikataliwi kwa sababu tu hakiko kwenye karatasi. Lakini picha ya mwandiko isiyoonyesha mwandishi, kituo wala tarehe haina uzito, na mfamasia ana haki ya kuikataa. Kwenye maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, orodha ya dawa zinazoruhusiwa ina mipaka. Cheti cha bingwa hakimpi muuzaji ruhusa ya kuuza kisichomo.

Nimesikia mashine inasoma picha ya kifua yenyewe. Je, majibu hayo ni ya kuaminiwa?

Kwa kifua kikuu, ndiyo, kwa kiasi maalumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kuchuja picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kuchuja ni kusema “huyu apimwe makohozi”. Mashine haijasema unaumwa; imesema uendelee na kipimo. Anayekuanzishia dawa za miezi sita kwa alama ya mashine peke yake amekosea, na anayekurudisha nyumbani na kikohozi cha wiki tatu kwa sababu mashine imesema uko salama naye amekosea.

Nchi nyingine hulipaje?

Nchini Marekani, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare kwa miaka mingi ililipia tiba mtandao kwa mgonjwa wa eneo la vijijini tu, tena akiwa ameketi ndani ya kituo cha afya. Mwezi Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, masharti hayo yalilegezwa na watu wakaruhusiwa kuhudumiwa nyumbani; tangu hapo Bunge lao limekuwa likirefusha ruhusa hiyo kwa vipindi vifupi vifupi. Yaani nchi tajiri namna ile nayo ilianzia pale tulipo sisi, kwenye benchi la kituo.

Rwanda ilikwenda mbele zaidi. Kuanzia mwaka 2016 kampuni ya Babyl ilitoa huduma ya daktari kwa simu za kawaida, na baadaye ikaunganishwa na bima ya jamii. Mwaka 2023 kampuni mama iliyoanzishwa Uingereza ilianguka, na huduma ya Rwanda ikakoma. Wanyarwanda walikuwa wameshaizoea. Funzo kwa Dodoma ni kwamba mkataba uandikwe kwa namna ambayo mwenye mtambo akiondoka, faili na utaratibu vinabaki.

Nimeambiwa “mfumo uko chini”. Nifanye nini?

Kwanza, usirudi nyumbani kama unaumwa. Mtandao kukatika hakufuti uanachama wako, na kituo kinapaswa kuwa na utaratibu wa kukuhudumia kwa karatasi na kuingiza taarifa baadaye. Omba kumwona mganga mfawidhi, kwa upole lakini bila kuondoka dirishani. Pili, kumbuka kwamba faili lililo kwenye mfumo wa kituo kimoja, kama vile GoTHOMIS inayotumiwa na vituo vya halmashauri, usilitegemee kujifungua lenyewe mahali pengine. Tembea na daftari lako la kliniki, na majibu ya vipimo yapige picha.

Nikinyimwa huduma au nikitozwa isivyo, nilalamike wapi?

Anza kwa mganga mfawidhi, kisha ofisi ya NHIF ya mkoa au, kwa CHF, mratibu aliye halmashauri. Suala la siri kuvuja lipeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na la mwenendo wa daktari kwa Baraza. Popote utakapokwenda, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni tarehe na namba ya idhini. Namba hiyo huwa ndefu na hakuna anayeikumbuka. Mwombe aliye dirishani akuandikie nyuma ya daftari kabla hujaondoka, hata kama foleni nyuma yako inaguna.